Wavulana wa Kiungani na Njia ya Mikese

Ukisoma kitabu cha Henry Morton Stanley kuhusu safari yake ya kumtafuta Livingstone, kile cha mwaka 1872, utakutana na jina la kijiji chetu. Kaliandika Mikeseh, na herufi ya h mwishoni, kama mtu aliyelisikia mara moja kwa mpagazi aliyechoka. Alipita mwezi wa Aprili 1871, masika ya Morogoro ikiwa imepamba moto, akitokea Bagamoyo. Msoudi nyuma yake, Muhalleh mbele, kisha Simbamweni, mji wa ukuta ambao Kisabengo alimwachia binti yake. Kwa Stanley sisi tulikuwa kambi. Alilala, akaamka, akaenda zake.

Sina ugomvi naye sana. Mikese imekuwa mahali pa kupita tangu enzi hizo mpaka leo. Misafara ilipita, reli ya Wajerumani ikapita (ilifika Morogoro mwaka 1907), barabara ya lami ikapita, na sasa mabasi ya Dodoma na Mwanza hayana hata habari na kituo chetu. Wanaotujua ni wale ambao gari limewaharibikia. Lakini mahali pa kupita pana faida moja kwa mtu anayependa historia: unaweza kukaa kibarazani na kuuliza kila aliyepita alikuwa anakwenda wapi, na alifika au hakufika.

Swali hilo ndilo lililonipeleka Kiungani.

Mwaka ule ule Stanley anahangaika na matope ya Ungerengeri, Unguja palikuwa na shule ya wavulana upande wa kusini wa mji, kwenye njia ya kwenda Mbweni, karibu na bahari. Iliitwa Mtakatifu Andrea, Kiungani. Wengi wa wavulana wake walikuwa watumwa waliokombolewa. Walitoka Uyao, Unyasa, Umakua, na wengine bara ya mbali zaidi. Kila mmoja alitembea njia fulani hadi pwani kabla hajapakiwa jahazini. Njia ya Kilwa ndiyo iliyoteremsha wengi wao. Ila kijana wa Unyamwezi au Uganda, kama alishuka kwa njia ya Bagamoyo, huenda alipita hapa tulipo. Hakuna aliyeandika “nilipita Mikese”. Mtoto wa miaka 8 aliyefungwa kamba haulizi jina la kijiji.

Hebu nirudi nyuma kidogo, maana chuo hiki kilizaliwa kwa kushindwa. Desemba 1857 Livingstone alihutubia Cambridge, akawaachia wasomi wa Uingereza kazi ya Afrika. Vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin vikaungana kuanzisha misheni, ile tunayoijua kama UMCA. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda moja kwa moja hadi nyanda za Shire, Magomero, mwaka 1861. Kabla mwaka mmoja haujatimia alikuwa amekufa kwa homa. Aliyemfuata, William Tozer, alitazama makaburi, akapiga hesabu, akaamua kuhama. Mwaka 1864 alitua Unguja pamoja na padri mmoja aliyeitwa Edward Steere. Walimlaumu sana kule kwao, eti kakimbia. Mimi namwona ni mtu mwenye akili timamu.

Sultani Majid akawapa wavulana 5 waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Watano tu. Chuo kikaanza hapo: wanaume wawili waliosoma vyuo vikuu vikubwa vya Uingereza, na watoto watano ambao hawakuwa na lugha moja kati yao. Miongoni mwa wale watano walikuwemo John Swedi na George Farajallah, ambao mwaka 1870 walipewa ushemasi mdogo. Swedi alikuja kuwa shemasi kamili mwaka 1879.

Wamarekani wana aina ya chuo ambayo sisi hatuna jina lake. Ni chuo kidogo, cha binafsi, kilichoanzishwa na kanisa. Wanafunzi wanalala hapohapo, wanakula pamoja, wanasali pamoja, na hawafundishwi kazi moja. Wanasoma lugha, historia, hesabu, falsafa, muziki, halafu dunia itajua la kuwafanyia. Kuna walioandika vitabu vizima kukisifu. Nikitafuta kitu cha namna hiyo Afrika Mashariki ya karne ya 19, sipati kilicho karibu zaidi kuliko Kiungani. Ndiyo, lengo lilikuwa kupata walimu na mapadri. Ila ratiba ilikuwa pana kuliko lengo: kusoma na kuandika, hesabu, jiografia, historia, Kiingereza, kuimba, na kazi ya kupiga chapa. Walioonekana hawana kichwa cha vitabu walipelekwa kwenye ufundi, useremala na uashi. Mgawanyo huo tunaufahamu vizuri, bado tunao.

Jambo kubwa ni lugha. Steere alipofika hakuwa na Kiswahili. Ndani ya miaka michache alikuwa ametoa kitabu cha sarufi na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili, vyote viwili mwaka 1870. Chuoni, Kiswahili kikawa lugha ya sala, ya darasa na ya bwenini. Fikiria hali hiyo. Myao, Mmakua, Mnyasa na Mganda wako chumba kimoja, kila mmoja ameipoteza lugha ya mama yake kwa nguvu, au anaipoteza polepole. Kinachowaunganisha ni lugha waliyoisikia kwa mara ya kwanza, wengi wao, mdomoni mwa waliowateka au waliowanunua. Na sasa wanaambiwa: andikeni kwayo.

Wakaandika.

Mwaka 1887 nyumba ya George Bell ya London ilitoa kitabu kiitwacho kwa jina la chuo chenyewe, Kiungani. Mhariri na mfasiri ni A. C. Madan, mwalimu wa misheni, yuleyule wa kamusi za Kiswahili za 1894 na 1903. Ndani mna maisha ya wavulana yaliyoandikwa na wavulana wenyewe: kwao kulikuwaje, nani aliwakamata, waliuzwa mara ngapi na kwa nini, jahazi lilikuwaje, manowari ya Waingereza ilivyolikamata, na walivyofika shuleni wakidhani wataliwa. Hili la kuliwa linarudi. Watoto wengi waliambiwa na wauzaji kwamba wazungu wanakula watu, na hawakuwa na sababu ya kutoamini. Kila mtu mzima waliyekutana naye njiani alikuwa kweli amewala kwa namna fulani.

Nimekisoma kitabu hicho mara nne. Si kitabu cha kulia. Nilichotegemea ni machozi na shukrani kwa misheni, na shukrani zipo, lakini sehemu kubwa ni nyumbani. Wavulana wanaeleza jinsi mashamba yanavyolimwa kwao, jinsi watu wanavyozikwa, michezo, njaa, vita vya jirani na jirani. Wanaandika kama watu waliopewa daftari na kuambiwa “tueleze kwenu” na wakashangaa kugundua kwamba bado wanakumbuka. Utekaji wenyewe mara nyingi unapita haraka. Mtu anauzwa katika sentensi moja. Sentensi inayofuata yuko kwa mwenye mali mwingine. Mwandishi mzoefu angekaa hapo akapamba, hawa hawakai. Walikaa kwenye mambo waliyoyapenda.

Sasa mambo mawili yananisumbua, na ndiyo sababu ya makala hii.

La kwanza, kitabu kilitoka kwa Kiingereza. Wavulana waliandika Kiswahili. Msomaji wa London akapewa tafsiri. Kwa hiyo baadhi ya nathari ya mapema kabisa ya Kiswahili iliyoandikwa na watu wa bara kuhusu maisha yao wenyewe tunayo kwa lugha ya watu wengine. Tunapofundisha historia ya fasihi ya Kiswahili tunaruka kutoka kwenye tendi za Lamu na Pate hadi kwa Shaaban Robert, na katikati tunaweka maelezo ya safari yaliyokusanywa na Wajerumani, basi. Wavulana wa Kiungani hawamo. Wanasomwa na wanahistoria wa utumwa, kama ushahidi. Hawasomwi kama waandishi.

La pili, majina. Hadithi zimepangwa kwa kabila: mvulana wa Kiyao, mvulana wa Kinyasa, wa Kimakua. Inawezekana Madan alikuwa anawahifadhi. Wengine walikuwa bado watoto na hadithi zao zilikuwa na aibu na uchungu. Naweza kukubali. Lakini linganisha na Steere, ambaye kwenye utangulizi wa hadithi zake aliwataja baadhi ya waliomsimulia, na aliwataja masheikh waliomsaidia katika lugha. Mtu mzima wa mjini mwenye ukoo alipata jina. Mtoto wa bara aliyeandika kwa mkono wake alipata kabila. Na kabila lenyewe ndilo lile alilonyang'anywa.

Kuna watakaosema natafuta makosa kwa macho ya leo. Sawa. Ila angalia kilichotokea mwaka mmoja tu baadaye, palepale chuoni. Mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani walianza jarida lao, Msimulizi. Hilo hutajwa kama jarida la kwanza la Kiswahili kuandikwa na Waafrika wenyewe. Walilipiga chapa wenyewe. Lilibeba habari za vituo vya misheni, barua za waliokuwa wamehitimu na kupelekwa Magila, Masasi, Newala na kwingineko. Mwalimu kijana aliyetupwa peke yake ndani ya Umakonde angeweza kuwaandikia wenzake wa bweni, na wenzake wangesoma kwa sauti. Humo majina yapo, maana wanaandikiana. Si ushahidi kwa mtu wa London. Ni umbea wa shule, ni salamu, ni taarifa za nani kaoa na nani kafa.

Kwangu mimi Msimulizi ndiyo hati ya kuzaliwa ya chuo kile. Kitabu cha 1887 kinaonyesha walichofanyiwa. Jarida la 1888 linaonyesha walichokuwa. Na jina lenyewe limechaguliwa vizuri. Msimulizi ni mtu anayepeleka habari kwa watu anaowajua.

Hapa niseme kidogo kuhusu walivyotoka. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre. Yohanna Abdallah, padri wa Unangu upande wa pili wa Ziwa Nyasa, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao. Ilichapwa Zomba mwaka 1919, na jina lake liko juu ya kitabu. Cecil Matola akawa rais wa kwanza wa African Association pale Dar es Salaam, mwaka 1929. Na Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891, baba yake naye akiwa mtu wa Kiungani, aliunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika pale Tanga mwaka 1922, akaenda London mwaka 1931 kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge kuhusu kuunganishwa kwa nchi za Afrika Mashariki, kisha akarudi na kitabu cha Kiswahili kuhusu aliyoyaona huko. Kitabu hicho, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kinaigeuza kabisa kamera. Zamu hii msafiri ni wa kwetu na wanaotazamwa ni Waingereza.

Si watu wengi kwa chuo cha miaka 60. Lakini ukiwaweka pamoja wana alama moja: kila mmoja anaandika. Kuandika hakikuwa kipaji chao cha pembeni, kilikuwa ndicho walichofundishwa.

Pia si picha ya malaika. Misheni iliwapa elimu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ikahofia elimu hiyo. Baada ya wachache kwenda Uingereza na kurudi na mavazi na mazoea ya huko, wakubwa waliona wameharibika. Askofu Smythies na wenzake hawakutaka Wakristo wao wawe “wazungu weusi”. Vijana wavae kanzu. Nia ilikuwa nzuri kwenye karatasi, kutomfuta Mwafrika. Ila anayeamua kipi ni cha Kiafrika alikuwa ni Mwingereza, tena kanzu yenyewe ni vazi la pwani, mababu wa hao Wayao hawakuivaa. Majaliwa, baada ya miaka mingi ya kuongoza kituo cha Chitangali karibu peke yake, aliishia kurudi Unguja na mahusiano yake na misheni yakaenda mrama. Ukiwa padri wa kwanza, kila kosa lako ni kosa la bara zima.

Vita vya 1914 vikalitawanya jambo lote. Walimu wa UMCA upande wa Wajerumani walikamatwa kwa kushukiwa ni wapelelezi wa Waingereza. Kayamba alikuwa mmoja wa waliofungwa. Na hapa Mikese inarudi kwenye hadithi, kwa ubaya. Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro. Wajerumani wakarudi nyuma kuzunguka Uluguru kuelekea Mgeta na Rufiji. Mikese ikawa ghala: mizigo ilishushwa stesheni, kisha ikabebwa kwa kichwa na kwa magari, njia ya vilima na matope hadi Duthumi na mbele yake. Januari 1917 mwindaji maarufu Selous aliuawa huko mbele, Behobeho, na kaburi lake lina alama hadi leo ndani ya hifadhi. Wapagazi waliokufa kwenye vita vile, makumi ya maelfu kwa pande zote, hawana alama. Baadhi yao wamelala njia hii ya kwetu.

Wakati huohuo Frank Weston, aliyekuwa mkuu wa Kiungani kabla ya kuwa askofu wa Unguja, aliunda kikosi chake cha wapagazi Wazanzibari na akatembea nao pwani mwaka 1916. Wanaompenda Weston husema alifanya hivyo ili watu wake wasiteswe na maofisa wasiowajua, na naamini hivyo. Hata hivyo siwezi kuisoma habari hiyo bila kuona mduara wake: chuo kilichoanza kwa kuwatua watoto mizigo ya misafara, na miaka 50 baadaye mkuu wake wa zamani anawapanga watu mstari, mzigo kichwani.

Mwaka 1925 chuo kiliondoka Unguja. Kilihamia Minaki, kwenye vilima vya Kisarawe, jina lile la Mtakatifu Andrea likabebwa nacho. Minaki ikawa shule kubwa, yenye hospitali pembeni. Jirani yake, Pugu, Wakatoliki walikuwa na shule yao ya Mtakatifu Fransisko, ambako Nyerere alifundisha tangu 1952 hadi alipojiuzulu 1955 aingie siasa moja kwa moja. Basi vilima vile viwili, kilomita chache toka Dar, vilisomesha sehemu kubwa ya watu walioipokea nchi.

Kisha nchi ikazipokea shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizihamishia serikalini shule nyingi za madhehebu, zikiwemo hizo mbili. Siyo kazi yangu hapa kusema ilikuwa haki au siyo. Waislamu wengi walikuwa wamefungiwa mlango wa shule za misheni kwa miaka mingi, na kulifuta hilo lilikuwa jambo la lazima. Kilichonivutia ni kilichobaki. Seminari hazikuguswa. Kwa hiyo kwa miaka kama 25 mahali pekee ambapo kanisa liliweza kuendesha aina ile ya chuo kidogo, cha kulala na kusoma kila kitu, palikuwa seminarini. Falsafa ya Wagiriki, Kilatini, muziki, historia, vyote vikajificha huko pamoja na vijana wa upadre.

Mlango ulipofunguliwa tena miaka ya 1990, vyuo vilitokea kwenye seminari na taasisi za namna hiyo kama vifaranga. Morogoro tunao mfano wetu, kilomita zisizofika 40 toka Mikese. Mapadri wa Salvatori walianzisha taasisi ya falsafa na teolojia chini ya milima ya Uluguru mwanzoni mwa miaka hiyo. Baadaye ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino na kuitwa Jordan, kwa heshima ya mwanzilishi wa shirika lao, Mjerumani Franziskus Jordan, aliyefariki 1918 na kutangazwa mwenye heri 2021. (Wageni hudhani ni ule mto. Wenyeji pia.) Leo kina walimu watarajiwa, wanafunzi wa biashara na kadhalika, wengi kuliko wa falsafa. Mji huohuo una Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichoanza katikati ya miaka ya 2000 kwenye majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Nafurahi kwamba mtoto wa Mikese anaweza kuchagua kati ya msikiti na kanisa bila kupanda boti.

Mjomba wangu mmoja, alipoambiwa mtoto wa jirani anasoma falsafa mjini, aliuliza, “Hiyo falsafa inapandwa masika au vuli?” Tulicheka wote. Nikamwambia, “Mjomba, kuna vijana walifundishwa kusoma na kuandika tu, hawakupewa hata jembe, na ndio walioanzisha vyama.” Akanijibu kwamba hao walilishwa na misheni, mtoto wa jirani analishwa na mkopo wa serikali. Ana hoja. Kiungani hakikuwahi kumdai mtu ada. Kilimdai maisha yake yote: ukishasoma, unakwenda unakopelekwa. Siwezi kusema ipi ni nafuu.

Tangu mwaka jana nimeanza kukirudisha kile kitabu cha 1887 katika Kiswahili, hadithi moja moja, jioni umeme ukiwepo. Umri wake umeshavuka haki miliki, kila mtu anaruhusiwa. Kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu Kiswahili kipo chini ya Kiingereza cha Madan kama jiwe chini ya maji. Kuna sentensi ambazo kwa Kiingereza ni za ajabu, ukizigeuza tu zinasimama zenyewe, unajua kabisa mvulana aliandika hivi. Kuna nyingine zimepigwa pasi, huoni chochote.

Maneno ya utumwa ndiyo magumu kuliko yote. Kiingereza kina neno moja, nami nina mtumwa, mateka, mtwana, kijakazi, mja, na kila moja lina mlango wake. Mvulana aliyeibwa kwao hajioni mtumwa siku ile, ni mateka. Anakuwa mtumwa lini? Akinunuliwa mara ya kwanza? Akifika pwani? Madan hakuhitaji kuchagua, Kiingereza kilimchagulia. Mimi kila ukurasa nachagua, na mvulana mwenyewe alikuwa ameshachagua, kwenye karatasi ambayo sina. Vivyo hivyo neno la nyumbani. Wanaposema kwao, siwezi kuandika “nyumbani” kila mara, maana mwisho wa hadithi nyumbani ni Kiungani, na nadhani kwenye Kiswahili chao walitofautisha. “Kwetu” na “nyumbani” si kitu kimoja kwa mtu aliyeuzwa.

Nimemaliza hadithi mbili na nusu ya tatu. Nitaziweka hapahapa zikishasomwa na rafiki zangu wawili wanaojua Kiyao, ambao tayari wamenirekebisha majina ya mimea na ya ngoma. Na kama kuna msomaji ambaye babu yake alikuwa mwalimu wa UMCA, iwe Masasi, Newala, Muheza au Mbweni, na kwenye sanduku la marehemu kuna vijarida vya zamani vya Kiswahili vilivyoliwa na mende, naomba asivichome. Anipigie picha ukurasa wa kwanza tu, nione tarehe.